Terazo: mwaga kipande chako, ukiharibu, usage upya

Asalaam aleikum, karibuni tena. Leo niko uani kwangu hapa Kisauni, na hiki mnachokiona miguuni pangu ni kipande cha terazo, yaani sakafu ya simiti na vijiwe vya marumaru inayosagwa hadi ing'ae, futi mbili kwa mbili. Nimekimwaga mwenyewe. Vijana mnaniuliza kila siku mtapata wapi uzoefu wa kung'arisha sakafu, na hakuna mwenye nyumba atakayemkabidhi mwanagenzi sebule yake. Basi ni hivi: mwaga sakafu yako, ukiiharibu hakuna wa kukudai.

Vipimo ni kopo moja la simiti nyeupe kwa makopo mawili ya vijiwe vya marumaru, juu ya tabaka la zege la kawaida. Maji yawe matamu. Visima vyetu vingi hapa Mombasa vina chumvi, na chumvi hiyo hupanda juu baadaye ikawa ukungu mweupe. Mteja ataiona kazi mbovu, na hatakuwa amekosea. Funika kwa gunia bichi siku saba.

Sasa mashine. Tumia ile iliyoundwa kusaga kwa maji, si grainda ya kukatia vyuma, na uichomeke kwenye swichi inayojikata umeme ukivuja. Vaa gambuti. Kusaga kavu, hapana: vumbi la simiti na mawe lina silika, chembe ndogo za mawe, na ugonjwa inaouleta mapafuni hauponi.

Anza na pedi ya almasi namba 50; namba ikiwa ndogo, meno ya pedi ni makali zaidi. Tazama hapa... mwanzo ni tope jeupe tu, kisha vijiwe vinaanza kufunguka kimoja kimoja. Usikandamize, uzito wa mashine unatosha. Vikifunguka vyote, osha, kausha, uangalie kwa karibu. Waona vitundu hivi, kama vya sindano? Koroga rojo la simiti ileile, paka, siliba, uiache siku tatu. Kisha pitisha 50 tena kidogo kuondoa utando.

Baada ya hapo ni 100, 200, 400, 800, 1500, 3000. Usiruke hata moja. Mimi niliruka. Ilikuwa ngazi ya nyumba moja yenye harusi Jumamosi, wenyewe wananihimiza, nikatoka 100 nikaenda 800. Ikiwa na maji iling'aa, wallahi, nikajisifu. Asubuhi jua likaingia kwa mlango likalala juu ya ngazi, na miduara yote ya 100 ikajitokeza, utadhani mtu ameisugua kwa mchanga. Pedi ya 800 haina meno ya kufuta mikwaruzo ya 100, yapapasa tu. Nikarudia bure, usiku.

Kwa hivyo kabla ya kubadilisha pedi, kausha kabisa, laza tochi sakafuni, taa iangaze ubavuni. Sogeza kamera chini... hapo. Ule mstari ni wa 200. Bado. Nikibadilisha namba, nabadilisha pia mwelekeo: hii kutoka ukutani kwenda mlangoni, inayofuata kukatiza. Mkwaruzo uliobaki hujitenga wenyewe.

Ukifika nyumba ya mtu, jua kwanza ni jiwe gani. Tone la ndimu kwenye pembe iliyofichika: marumaru na terazo zitatoa povu, granaiti haitoi. Penye povu, asidi ya chooni isiguse. Itakula mng'aro mbele ya macho yako. Na zile sakafu za chokaa za Mji wa Kale, juu ya boriti, msizipelekee mashine wala simiti. Simiti hufungia unyevu ndani, na chokaa hubomoka chini yake. Ulizeni kwanza ofisi ya uhifadhi ya Mji wa Kale, inayosimamiwa na Makumbusho ya Taifa.

Weka daftari: pedi gani, dakika ngapi, picha kabla na baada. Ukishamaliza vipande vitatu vinne, nenda ukawe saidia fundi kwa mwenye mashine kubwa, na mtihani wa uashi wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, uanze gredi ya tatu. Daftari hilo ndilo utakalomwonyesha mteja wa kwanza. Anza na baraza, sebule itakuja.

La mwisho, hili tope. Usilimwage bafuni, likituama bombani litaganda. Liache kwenye ndoo hadi kesho, maji yajitenge juu, lililozama chini ulitie kwenye gunia.