Chungwa, Limau na Taa: Tujifunze Dunia, Jua na Mwezi kwa Mikono Yetu

Habari zenu wanafunzi, na karibuni. Leo tunajifunza maneno ya sayansi ya dunia na anga: mhimili, ikweta, obiti, kupatwa kwa mwezi, bamvua na mengine. Hatutayakariri. Kila neno tutalitenda kwanza kwa mikono, jina lije baadaye.

Tafuta chungwa moja, limau moja, vijiti viwili vya mshikaki, kalamu ya wino na taa isiyo na kifuniko. Tochi ya simu nayo inafaa, ila iwekwe mahali isiteleze. Vijiti vina ncha kali, kwa hiyo mwombe mama, baba, dada au kaka mkubwa avichome yeye kwenye matunda. Simamisha video hapa, kusanya vitu vyako, funga mapazia, kisha urudi.

Tayari? Anza na chungwa. Kijiti kiingie pale kwenye kikonyo na kitokee chini. Chungwa ni dunia, na kijiti ni mhimili, yaani mstari ambao dunia inajizungusha juu yake. Mstari huo ni wa kufikirika tu. Ukifika Ncha ya Kaskazini hutakuta mti uliosimikwa. Sasa chora mstari kuzunguka tumbo la chungwa, katikati kabisa ya ncha zote mbili. Huo ndio ikweta. Unapita Kongo, unapita Uganda, unapita Kenya karibu kabisa na mji wa Nanyuki. Nusu ya juu ni kizio cha kaskazini, nusu ya chini ni kizio cha kusini. Tia nukta mbili chini kidogo ya ikweta, zikiwa jirani: ya kulia ni Tanga, ya kushoto ni Kigoma.

Washa taa. Hiyo taa ni jua. Shika kijiti, zungusha chungwa polepole kutoka kushoto kwenda kulia, nukta ya Tanga ikitangulia. Iangalie ikitoka gizani: Tanga kumekucha, Kigoma bado. Zungusha tena kidogo, na Kigoma nako jua linachomoza. Kwa kweli tofauti yao ni karibu dakika 40, ingawa saa za ukutani za miji hiyo miwili zinasoma sawasawa. Endelea mpaka nukta zirudi zilipoanzia. Hiyo ni siku moja, saa 24. Na taa je, imehama? Haijahama hata kidogo. Sisi ndio tuliogeuka.

Sasa uinamishe mhimili. Dunia haijasimama wima, imeinama nyuzi 23.5. Tazama saa ya ukutani: pembe iliyopo kati ya namba 12 na namba 1 ni nyuzi 30, basi wewe inamisha pungufu kidogo ya hapo. Weka taa katikati ya chumba, halafu tembea kuizunguka. Hapa wengi hukosea, kwa hiyo sikiliza vizuri: ncha ya juu ya kijiti ielekee ukuta uleule wakati wote, hata ukiwa upande wa pili wa taa. Njia unayopita inaitwa obiti. Dunia huimaliza kwa siku 365 na karibu robo. Robo hizo za miaka minne zikikusanyika tunapata tarehe 29 Februari.

Simama pale ambapo ncha ya juu imeelekea taa. Huo ni mwezi wa Juni: kizio cha kaskazini kinapata mwanga mwingi, cha kusini kinapata kidogo. Mtoto wa Njombe anajua baridi ya Juni na Julai. Anaweza kudhani dunia imekwenda mbali na jua, na ni kweli mwanzoni mwa Julai tuko mbali zaidi, kilomita milioni 152, wakati mwanzoni mwa Januari ni milioni 147. Lakini Julai hiyohiyo Misri kunawaka joto! Umbali haukuleta baridi ya Njombe. Mwinamo ndio umeleta. Mwinamo huohuo unaleta pepo zetu za pwani. Bara la Asia likipata joto katikati ya mwaka, hewa yake hupanda juu na upepo huvuma kutoka kusini kuijaza nafasi: ndio kusi. Kuanzia Desemba hivi mambo yanageuka, upepo unatoka kaskazini: ndio kaskazi. Kwa karne nyingi majahazi yalikuja na kaskazi kutoka Oman na India, yakarudi na kusi.

Weka chungwa pembeni, chukua limau. Limau ni mwezi, na sasa kichwa chako ndicho dunia. Simama mbali kidogo na taa, nyoosha mkono, limau liwe juu kidogo ya kichwa. Anza ukiwa umeielekea taa. Upande wa limau unaokutazama una giza, kwa hiyo mwezi hauonekani. Geuka kushoto polepole. Unaona ukingo mwembamba umeanza kung'aa? Mwezi umeandama. Huku kwetu, karibu na ikweta, mwezi mwandamo huonekana umelala magharibi baada ya jua kuzama, pembe zikitazama juu. Geuka mpaka robo ya mzunguko: nusu ya limau inang'aa. Ipe taa mgongo: linang'aa lote. Huo ni mwezi mpevu. Malizia mzunguko, nalo litapungua mpaka lirudi gizani. Kutoka giza hadi giza ni siku 29 na nusu, ndiyo maana Ramadhani huwa na siku 29 au 30. Limau halina taa ndani yake. Mwezi nao hauna mwanga wake, unaakisi wa jua.

Rudi kwenye mwezi mpevu, ushushe mkono hadi kivuli cha kichwa chako kifunike limau. Huko ni kupatwa kwa mwezi. Geukia taa, limau liifunike taa: huko ni kupatwa kwa jua. Tarehe 1 Septemba 2016 watu walikusanyika Rujewa, mkoani Mbeya, wakaona jua limebaki pete. Walitumia miwani maalumu, nawe usilitazame jua kwa macho matupu hata siku moja. Mbona halipatwi kila mwezi? Kwa sababu obiti ya mwezi imeinama kama nyuzi 5, na mara nyingi mwezi hupita juu au chini, kama ulivyoliinua limau mwanzoni.

Watoto wa pwani, hapa ni penu. Taa, kichwa na limau vikiwa kwenye mstari mmoja, yaani mwezi mpevu au mwezi gizani, jua na mwezi huvuta bahari kwa pamoja. Maji hujaa sana na kupwa sana: bamvua. Unguja tofauti ya kujaa na kupwa hufikia karibu mita 4, na akina mama wa Paje huenda kwenye mashamba yao ya mwani wakati huo wa maji kupwa. Limau likiwa nusu, mivutano haiko pamoja, na maji hayasogei sana: maji mafu.

Jambo moja kuhusu ukubwa. Chungwa likiwa na upana wa sentimita 8, mwezi wa kweli ungekuwa gololi iliyo mita 2.4 kutoka hapo, na jua lingekuwa na upana wa karibu mita 9, likiwa umbali wa kama kilomita moja.

Kazi ya nyumbani: leo usiku tafuta mwezi, uchore ulivyo, andika tarehe na saa. Kesho utafute tena saa ileile. Utaukuta umesogea kuelekea mashariki. Fanya hivyo wiki mbili, na aliye karibu na bahari aandike pia maji yalijaa saa ngapi.