Ulichoomba na ulichopewa: vigezo vya kusomwa tu katika hifadhidata

Jambo yenu wote, wakubwa kwa wadogo. Walionisikia Likasi na Kolwezi watanivumilia, maana neno nililolileta Lubumbashi leo ni lile lile. Hifadhidata inatakiwa imwambie mwenye kuitunza hali yake ilivyo sasa hivi, na imwambie kwa jina ambalo halimpotezi.

PostgreSQL, programu yetu ya hifadhidata, sitaieleza, mnaishi nayo. Amri ya SHOW, ya kuonyesha thamani ya kigezo, mnaijua, na faili la mipangilio, postgresql.conf, mmelifungua mara nyingi kuliko mimi. Mnajua pia kwamba kati ya vigezo vyake, yaani mipangilio yake, viko vya kusomwa tu. Jaribu kubadilisha block_size, ukubwa wa kipande kimoja cha data, kwa amri ya SET, utajibiwa kuwa hakibadilishwi. Na katika pg_settings, orodha ya vigezo vyote, safu ya context imeandikwa internal, yaani cha ndani. Ukubwa wake, kwa kawaida baiti 8192, uliamuliwa siku programu ilipojengwa kutoka kwenye msimbo wake.

Sasa watu wananiuliza: kama siwezi kukibadilisha, kinanifaa nini? Swali hili linanichosha, na kila mara nalijibu kwa kisa kimoja.

Taasisi moja ya mji huu iliniita, miaka kadhaa imepita. Seva yao ilikuwa na kumbukumbu ya GB 32, shared_buffers, kumbukumbu ambayo michakato yote ya PostgreSQL inaitumia pamoja, GB 8, na miunganisho kama mia tatu saa za kazi. Mwanzoni ilikuwa nyepesi, kisha ghafla ikawa inajaa kumbukumbu, na Linux inaanza kuua michakato. Nikauliza kuhusu kurasa kubwa za kumbukumbu, maana Linux inaigawa kumbukumbu kwa vipande viitwavyo kurasa, vidogo au vikubwa. Kijana wa pale akanijibu kwa uhakika: "Mzee, tuliziwasha tangu siku ya kwanza." Akaandika SHOW huge_pages, ikatoka try. Akanitazama kama mtu aliyethibitisha.

Jamani, try maana yake ni "jaribu, ukikosa endelea bila hizo". Ni maneno ya aliyeomba. Hayasemi alipewa nini.

Kilichotokea ni hiki. Kurasa kubwa ziliombwa kwa Linux kwa amri ya mkono, vm.nr_hugepages, na hakuna aliyeiandika kwenye faili la kudumu. Usiku mmoja umeme ukakatika, betri zikaisha kabla jenereta haijawashwa, seva ikazima. Ilipoamka, kurasa kubwa hazikuwepo tena. PostgreSQL ikaomba, ikanyimwa, ikaendelea na kazi bila kuwasumbua.

Pigeni hesabu nami. GB 8 kwa kurasa za kawaida za KB 4 ni kurasa 2,097,152. Kila muunganisho una mchakato wake, na kila mchakato una jedwali lake la kurasa, yaani orodha ya kila ukurasa ulipo, baiti 8 kwa kila ukurasa. Mchakato ukishaipitia kumbukumbu yote ile, jedwali lake linafika MB 16. Zidisha kwa mia tatu: karibu GB 5 zimeliwa na majedwali hayo ya kurasa tu, hakuna hata rekodi moja ya mteja humo. Kwa kurasa za MB 2 zingetosha 4,096 na ziada kidogo. Wiki mbili wale watu walimlaumu aliyewaandikia programu, na walikuwa tayari kuagiza kumbukumbu nyingine, wakati jibu lilikuwa kwenye mstari wa PageTables ndani ya /proc/meminfo, faili la Linux linaloonyesha kumbukumbu inavyotumika, mahali ambapo mtu wa hifadhidata haendi.

Mnaijua barabara ya Kasumbalesa. Dereva ana karatasi inayosema amebeba tani ngapi. Hayo ni maneno ya aliyempakia. Mbele kuna mzani, nao unasema lori lina uzito gani. Seva ile ilikuwa na karatasi, mzani haikuwa nao.

Mzani ulikuja na toleo la 17, mwaka 2024: huge_pages_status. Tazameni jina lenyewe. Linaanza na maneno yale yale ya kigezo cha kuomba, kwa hiyo katika orodha vinakaa jirani, ukitafuta kimoja unakiona cha pili. Na mwisho wake unasema hii ni hali. Kiswahili hakitusumbui hapa: nimeomba, nimepewa, kila mtoto anatofautisha. Aliyekitaja kigezo hiki alitofautisha vilevile.

Mtu ataniambia ndiyo na hapana zingetosha. Hazitoshi. Ukikisoma kwa postgres -C seva ikiwa imezimwa, kinajibu unknown, yaani haijulikani, na ndivyo ilivyo, kwa sababu hakuna seva inayotumia chochote saa ile. Mwingine atasema tungetengeneza kitendaji tu, kama pg_is_in_recovery() kinachojibu kama seva ni nakala. Kitendaji kile ni kizuri, lakini lazima ukiulize. in_hot_standby, cha toleo la 14, ni kigezo ambacho seva yenyewe inamtangazia mteja kila kinapobadilika, na mteja anajua anaongea na seva kuu au na nakala bila kutuma swali. Tena jina lake linasomeka kama sentensi.

Linganisheni na transaction_read_only. Jina limebeba "read only", yaani kusoma tu, na chenyewe unakibadilisha kwa SET! block_size hakibadiliki, na jina halikuonyeshi. MySQL, hifadhidata nyingine, nao wana read_only, ambayo mwenye mamlaka ya juu yaitwayo SUPER anaipita na kuandika, ndiyo maana ikabidi iongezwe super_read_only. Majina haya yanamwangusha mtu saa nane za usiku, na mimi nimewaona walioanguka.

Naona ninaonyeshwa saa. Upesi basi. Msilinganishe matoleo kama maandishi, "9.6" itaizidi "10", tumieni server_version_num, ambayo kwa 17.2 inatoa 170002. lc_collate, cha mpangilio wa herufi, kama kigezo kimeondolewa tangu toleo la 16, kwa hiyo skripti zenu za zamani zitavunjika. data_checksums, inayoonyesha kama data inakaguliwa isiharibike kimyakimya, angalieni leo hii, msidhani imewashwa. Ni kuanzia toleo la 18 tu ndipo hifadhidata mpya inaundwa ikiwa nayo bila kuiomba. Usimbaji wa herufi niliutayarisha, nauacha.

Wenye toleo la 17 kupanda, andikeni SHOW huge_pages_status sasa hivi, kabla hamjatoka. Wenye 15 na 16, anzeni na shared_memory_size_in_huge_pages mjue mnahitaji kurasa ngapi. Wengine wote njooni hapa mbele na kompyuta zenu, tuifungue /proc/meminfo pamoja, jenereta ingali inaunguruma.