Kempa Kuukuu: Maji Yanaingilia Wapi, Injini Inachemkia Wapi

REHEMA: Karibuni. Leo ni magari ya kulala, hizi kempa za umri: HiAce au basi dogo la miaka ya 90 lililoinuliwa paa kwa faiba. Mei ndio mwezi wa mvua nyingi Mombasa, na swali ni lilelile: “Dari linavuja juu ya kitanda, nipake silikoni wapi?”

SALIM: Usipake popote kwanza, Bi Rehema. Tone linapoangukia siko maji yanakoingilia. Yakipenya kona ya mbele ya paa, hufuata mbavu za bodi kulingana na gari lilivyoinama, yakatokea hata mita mbili nyuma. Ukiziba pale yanapotokea, yanabaki ndani yakiozesha plaiwudi.

REHEMA: Na plaiwudi ikishaoza, skrubu hazina pa kushika. Bonyeza dari kwa kidole gumba kuzunguka kila tundu. Pakibonyea, kazi imeshakuwa kubwa.

SALIM: Kutafuta kwenyewe ni kazi ya watu wawili. Gari likauke siku mbili, paneli za dari zifunguliwe. Mmoja akae ndani na tochi na tishu kavu, mwengine nje na mpira wa maji. Maji yatiririke tu. Mashine ya kuoshea magari isikaribie, maana presha yake hupenya hata mpira mzima, ukaishia kung’oa dirisha lisilo na kosa.

REHEMA: Na aanze chini.

SALIM: Chini kabisa. Ukingo wa chini wa dirisha, dakika 10. Kisha ubavuni, kisha taa za juu, kisha pale faiba inapokutana na mfereji wa bati, mwisho tundu la hewa la paani. Ukianza juu, maji yanalowesha kila kiungo kwa pamoja na hujui kipi ni kipi. Penye tone la kwanza, tia alama ya penseli.

REHEMA: Tuseme ni tundu la hewa, lile la sentimita 40 kwa 40.

SALIM: Fremu itoke yote. Kupaka juu ya silikoni kuukuu ni kupoteza pesa, kwa sababu hakuna kinachoshika juu ya silikoni, hata silikoni nyenziwe. Kwangua kwa kipande cha plastiki, futa kwa spiriti, kisha zungusha tepu ya butili, ule mpira laini unaonata. Mzunguko ni mita 1.6, nunua mita 2. Kaza skrubu kidogo kidogo kwa kukatiza, upande huu na wa pili, mpaka butili ichungulie pande zote. Kesho yake rudia kukaza, kisha kata iliyotoka.

REHEMA: Pwani hii skrubu za kawaida zinaliwa na upepo wa chumvi. Tafuta chuma kisichoshika kutu cha daraja la A4. Na ile silikoni inayonuka siki ikae mbali na bati: inapokauka hutoa asidi, kutu inaanzia chini yake na wewe huioni. Kiungo cha faiba na bati nakipa siilanti (dawa ya kuzibia) ya poliurethini, ambayo hunyumbuka gari likitikisika. Lakini usiipake kwenye madirisha ya plastiki bila kusoma maelezo yake. Nyingine hupasua plastiki.

SALIM: Kuna maji yasiyotoka mbinguni pia. Kapeti imelowa miguuni pa abiria.

REHEMA: Hapo shika kwa vidole. Maji safi, na yanakuja eesi ikiwashwa tu: paipu ya kutolea maji ya eesi imeziba, toa uchafu kwa waya laini. Yana utelezi, yana rangi na harufu tamutamu: hiyo ni kulanti, maji ya kupozea injini, na redieta ndogo ya hita imetoboka. Mombasa hita ya nini? Unganisha mipira yake miwili kule kwenye injini, uifunge nje ya mzunguko mpaka upate nyingine. Yakija baada ya mvua pekee, tazama mpira wa kioo cha mbele.

SALIM: Na pampu ya maji ya jikoni ikinguruma usiku sekunde chache ilhali mifereji yote imefungwa?

REHEMA: Presha inatoroka. Funga valvu baada ya pampu. Ikinyamaza, uvujaji uko mbele, kagua klipu zote. Ikiendelea, valvu ya ndani ya pampu ndiyo imechoka.

SALIM: Injini sasa. Inachemka.

REHEMA: Wapi? Hilo ndilo swali la kwanza. Ikichemka kwenye foleni ya feri Likoni na ikipoa ukishaenda kasi, mshuku feni. Kama ni feni ya klachi, ile inayozungushwa na injini, zima injini ikiwa moto, toa ufunguo isije ikawashwa kwa bahati mbaya, kisha zungusha feni kwa mkono: ikizunguka bure bila ukinzani, klachi imekufa. Ikiwa mjini ni baridi lakini inachemka ukipanda Mazeras, ni redieta iliyoziba, themostati (valvu inayofungulia maji ya moto yaende kwenye redieta), au gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya bloku ya injini na kichwa chake.

SALIM: Themostati ipimwe kwenye sufuria na kipimajoto. Joto lake limechapwa juu yake, mathalani 82, na hapo ndipo inapoanza kufunguka. Kuitupa kabisa kama wengi wanavyofanya si tiba.

REHEMA: Gasketi ya hedi: injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko cha redieta, jaza maji, washa. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa. Yasipokoma hata themostati ikishafunguka, gesi ya silinda inapita. Na kifuniko chenyewe kina namba ya presha, kwa mfano 0.9, mpira wake ukipasuka, maji huchemka mapema na kumwagika. Tena, maji ya kisima cha Mombasa yana chumvi, huko ndiko redieta nyingi zinakooza. Kulanti nusu, maji ya betri nusu, yaani maji yaliyosafishwa, si asidi.

SALIM: Oili je? Sakafu nzima imetapakaa.

REHEMA: Kabla ya kushusha giaboksi kubadilisha sili ya nyuma ya injini, kagua paipu ya kupumulia injini. Ikiziba, presha ndani inasukuma oili kupitia sili yoyote, na sili mpya nayo itavuja. Ikiwa wazi, osha injini, ikaushe, nyunyiza poda ya mtoto, endesha kilomita 20. Upepo huisukuma oili nyuma, kwa hiyo fuata alama ya juu kabisa na ya mbele kabisa. Mara nyingi ni gasketi ya kifuniko cha valvu, ya saa moja na spana namba 10 au 12.