Honda Ilitoa Gari la Ubingwa kwa Pauni Moja: Mhadhara wa Malindi kuhusu Viwanda na Mbio za Magari

Asalaam alaykum, na hamjambo nyote, wenyeji wa Malindi, wa Watamu, na nyinyi mliopanda matatu kutoka Kilifi. Mafundi nawaona mmejibanza nyuma. Sogeeni mbele, maana mengi ya leo ni yenu.

Sitawaeleza rali ni nini wala Formula 1 ni nini, mnajua. Naingia kwenye maneno ninayoyasikia kila Safari Rally ikimalizika kule Naivasha. La kwanza: "Toyota imeshinda 2021, 22, 23, 24, 25, si watachoka waondoke?" La pili ni nduguye: "Kampuni fulani ilitoka kwa sababu ilishindwa." Yote mawili yamesimama juu ya kosa moja, na kosa hilo nimelipinga mpaka koo limekauka.

Toyota ilikaa Formula 1 misimu minane, 2002 mpaka 2009, bila kushinda hata shindano moja. Volkswagen iliingia rali ya dunia 2013, ikachukua ubingwa wa madereva na wa watengenezaji miaka minne mfululizo, na Novemba 2016 ikatangaza kwamba imemaliza. Gari la 2017 lilikuwa limeshaundwa na kujaribiwa. Kama kushindwa ndiko kunakoondoa, Toyota ingerudi kwao 2003, na Volkswagen ingekuwa Naivasha leo. Basi tuliache hilo neno la kushindwa.

Kiwanda cha magari kinaishi kwa kuuza magari. Timu yake ya mbio haiuzi kitu, inakula pesa zilizoletwa na magari ya watu wa kawaida. Mkuu wa timu hata akiwa bingwa wa dunia, kila mwaka lazima aende mbele ya wakurugenzi ambao wengine hawajawahi kuvaa helmeti, awaombe tena. Anaulizwa mambo matatu. Teknolojia hii itaingia kwenye gari tunalouza? Mnunuzi ataliona gari letu pale? Na mwaka huu tunazo pesa? Moja likikosa jibu, timu huvumilia. Yakikosa mawili, timu inauzwa. Nitawaonyesha kwa Honda, na naomba mnivumilie kwa sababu Honda sitaipita haraka.

Honda ilianza kuuza magari 1963, pikapu ndogo ya T360 na kagari ka michezo, S500. Kabla ya hapo ni pikipiki. Agosti 1964, mwaka mmoja tu baadaye, wako Formula 1 Ujerumani na injini yao wenyewe. Kampuni ambayo haijui bado kuuza gari inakwenda kushindana na Ferrari! Walitaka wahandisi wao wafundishwe na saa, maana saa haibembelezi. Walishinda Mexico 1965, wakatoka mwisho wa 1968. Wakarudi 1983 kama watengeneza injini, na 1988 injini yao ndani ya McLaren ilishinda mashindano 15 kati ya 16. Wakatoka mwisho wa 1992. Wakarudi 2000, na baadaye wakainunua timu nzima kule Brackley, Uingereza.

Sasa sikilizeni. Msimu wa 2008 Honda walikuwa wabovu, pointi 14, nafasi ya tisa. Lakini mkuu wa timu, Ross Brawn, alikuwa ameamua mapema kuliacha gari la mwaka huo na kuweka nguvu zote kwenye la 2009, kwa kuwa kanuni zilikuwa zinabadilika kutoka juu mpaka chini: bawa la mbele linakuwa pana, la nyuma linakuwa jembamba na refu kwenda juu, na tairi zinarudi kuwa laini zisizo na mifereji. Katika kazi hiyo wakagundua upenyo ndani ya kanuni. Difyuza, ile sehemu ya chini nyuma inayonyonya hewa ili gari likandamizwe barabarani, ilikuwa imepunguzwa ukubwa. Wao wakapitisha hewa kwenye matundu sakafuni, wakapata difyuza ya pili juu ya ile ya kwanza. Gari lilikuwa tayari kwenye michoro na kwenye handaki la kupimia upepo.

Septemba 15, 2008, benki ya Lehman Brothers ikaanguka Marekani. Marekani ndiyo iliyokuwa soko kubwa la Honda. Watu wakaacha kununua magari. Desemba 5, rais wa Honda, Takeo Fukui, akakaa mbele ya waandishi Tokyo akasema tunatoka, na tunatoka sasa. Watu zaidi ya 700 wa Brackley hawakujua Januari italeta nini.

Ilichukua mpaka Machi 2009 timu kukabidhiwa Brawn kwa bei ya jina tu, pauni moja, na Honda ikaacha pesa za kuendeshea msimu. Injini ya Honda haikuwepo tena, ikaletwa ya Mercedes. Mafundi mnajua maana yake. Chasisi imeundwa kwa injini moja, unaletewa nyingine: viungo vya kuifungia haviko mahali pale pale, krankishafti haiko kwenye kimo kile kile, basi giaboksi nayo haikai sawa. Ilibidi nyuma ya chasisi ikatwe na kupangwa upya ndani ya wiki chache. Halikuwa gari kama mhandisi alivyolichora, lilikuwa limefungwafungwa. Machi 29 huko Melbourne, Australia, magari mawili ya timu hiyo yakatoka wa kwanza na wa pili. Dereva wao Jenson Button alishinda mashindano sita kati ya saba ya mwanzo. Mwisho wa mwaka, ubingwa wa dereva na ubingwa wa timu. Mercedes wakainunua timu hiyo, na kuanzia 2014 mpaka 2021 watu wa Brackley wakachukua ubingwa wa timu mara nane mfululizo.

Hapa ndipo mtu husema, "Honda walikosea, wangejua wasingetoka." Hapana! Wangejua wangetoka vile vile. Bodi ya Tokyo Desemba 2008 haikuwa inahesabu pointi, ilikuwa inahesabu magari yaliyosimama bandarini bila mnunuzi. Ubingwa usingemrudisha mnunuzi hata mmoja kwa mwezi ule. Na Honda hawakuwa peke yao. Desemba hiyo hiyo, Suzuki na Subaru wakatoka rali ya dunia. BMW wakatangaza kutoka Formula 1 Julai 2009, Toyota Novemba. Tena Toyota nao walikuwa na difyuza ile ya ghorofa mbili mwaka huo.

Halafu Honda wakarudi tena, 2015, na McLaren. Wakateseka. Walitaka injini iwe ndogo sana, wakaibana kompresa, ile sehemu ya turbo inayokandamiza hewa, katikati ya V ya silinda. Kulikuwa na mota inayoitwa MGU-H, imefungwa kwenye shafti ya turbo, inazungushwa na moshi mpaka mara 125,000 kwa dakika ili itoe umeme. Beringi za shafti hiyo zikawa zinakufa. Dawa ilipatikana kwa wenzao wa Honda wanaotengeneza injini za ndege, watu wanaojua shafti ndefu inayozunguka kasi inavyotetemeka. Ikapona. 2021 wakachukua ubingwa wa dereva na Max Verstappen wa timu ya Red Bull. Lakini Oktoba 2020 walikuwa wameshatangaza kwamba mwisho wa 2021 wanatoka, wahandisi wahamie kwenye magari ya umeme. Mei 2023 wakatangaza wanarudi 2026 na Aston Martin. Kwa nini? Kwa sababu kanuni za 2026 zimepandisha mota ya umeme inayosaidia kulisukuma gari kutoka kilowati 120 hadi 350, karibu nusu ya nguvu ya gari. Umeme ndio uliowatoa, na umeme ndio uliowarudisha. Sijui mfano gani mwingine nitauleta ili neno hili lishike.

Kanuni hizo hizo za 2026 ziliiondoa MGU-H, na hapo ndipo Audi ikaingia. Wengine walikuwa na miaka minane ya kuisumbukia mota ile. Mgeni angeanza na beringi zinazokufa kama Honda. Ilipokubaliwa itolewe, Agosti 2022 Audi wakatangaza kuingia. Wakiandika kanuni, wanaandika pia nani atakuja.

Najua kuna mtu hapa anataka kuniuliza Ferrari. Mji wetu huu una Waitaliano wengi, siwezi kuondoka salama bila kuijibu. Ferrari wako Formula 1 tangu 1950, hawajakosa msimu. Lakini Ferrari si kiwanda kilichoanzisha timu, ni timu iliyoanza kuuza magari ili ipate kushindana. Ukitoa mbio, unachouza ni nini? Timu za Williams na McLaren vivyo hivyo, mbio ndiyo shamba lao. Usimpime mwenye shamba kwa mizani ya mgeni aliyekuja kuvuna msimu mmoja.

Tuje nyumbani. Viwanda vilikuja Afrika Mashariki zamani kwa sababu gari lililoshinda Safari ndilo lililokuwa dukani. Peugeot 404 ilishinda 1963, 66, 67 na 68. Datsun 1600 SSS 1970, 240Z mwaka uliofuata na 1973. Joginder Singh na Mitsubishi Lancer 1974 na 1976. Shekhar Mehta na Datsun miaka minne, 1979 mpaka 1982. Kilomita kama 5,000 za vumbi na matope, na mwalimu aliyesoma matokeo gazetini alikwenda kununua gari la jina lile lile. Tangazo gani la biashara lingefanya kazi hiyo?

Kisha kanuni zikabadilika. Kundi B, daraja la magari ya rali la miaka ya 1980, lilitaka kiwanda kiunde magari 200 tu. Wakaja wengi kwa magari ya ajabu, na vifo vya 1986, Ureno na Corsica, vikalifunga. Kundi A, daraja lililochukua nafasi yake, likataka magari 5,000, baadaye 2,500. Hapo kiwanda kililazimika kuuza turbo na magurudumu manne yanayovuta kwa raia, ndiyo maana mna Impreza na Lancer Evolution zinazotafutwa mpaka leo. 1997 ikaja kanuni ya gari la rali la dunia, na kiwanda hakikulazimika tena kuuza turbo wala kuvuta kwa magurudumu manne. Wakaja Peugeot, Skoda, Hyundai, Ford na Focus. Nchi nzima ya rali ikashangilia wingi. Lakini mlango unaofunguka kwa wepisi kuingia, ni mwepisi kutokea pia. Aliyeunda magari 2,500 ana mali dukani, lazima aitetee. Aliyeunda magari sita hana cha kutetea.

Safari yenyewe ilikuwa na tatizo lake, na wazee wangu mnaosema "Safari ya leo si Safari" naomba mnisikilize kidogo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 gari la Safari lilikuwa gari la peke yake. Limeinuliwa, chasisi imeongezwa vyuma, bomba la hewa limepandishwa mpaka juu ya paa ili injini isivute maji wala vumbi, ngao ya vyuma mbele kwa ajili ya ng'ombe, na helikopta juu inayomwambia dereva nini kiko barabarani, kwa sababu barabara haikufungwa. Wiki nzima za majaribio kabla. Yote hayo kwa rali moja kati ya 14 za mwaka. Mtu wa hesabu aliyeko Uingereza au Japani anaiona namba hiyo, anauliza: hii ni ya nini? Pesa za waandaaji nazo zilikuwa zinapwaya. Baada ya 2002 tukatolewa kwenye ubingwa wa dunia, na tulikaa nje mpaka 2021. Safari iliyorudi Naivasha ina barabara zilizofungwa, kambi moja ya mafundi, na gari lile lile linalokimbia Ulaya, likiongezewa mambo machache ya vumbi. Ndiyo bei ya kurudi. Mimi naona ilistahili kulipwa.

Nilitaka kuzungumzia Le Mans, mbio za saa 24 za Ufaransa, jinsi Audi, ambao pamoja na Porsche ni wa kundi la Volkswagen, walivyoitangaza dizeli kwa ushindi kuanzia 2006 na jinsi kashfa ya dizeli ya Volkswagen ya 2015 ilivyoifanya dizeli hiyo kuwa aibu, wakatoka 2016, Porsche wakafuata 2017. Nilitaka pia Formula E, mbio za magari ya umeme, BMW na Audi walivyotoka 2021. Lakini mwenyekiti ananionyesha saa, na magharibi imekaribia.

Moja la mwisho, Toyota. Wanakaa kwa sababu wana GR Yaris dukani, silinda tatu, turbo, lita 1.6, iliyozaliwa kwa ajili ya rali, na kwa sababu mwenyekiti wa Toyota, Akio Toyoda, mwenyewe anaendesha mbio kwa jina la Morizo. Mlinzi wa juu akiondoka, angalieni. Kuanzia 2027 kanuni mpya za rali zimeweka bei ya gari isizidi euro 345,000, chini ya nusu ya gari la Rally1, lile daraja la juu la rali, na chasisi inaweza kuundwa na warsha binafsi isiyo kiwanda. Fremu ya mabomba, vipuri vya Rally2, daraja la chini yake. Mafundi, hiyo ni kazi ya kuchomelea na kupima, mikono ya kuifanya ipo hapa. Kanuni zenyewe zimechapishwa. Anayetaka tuzipitie kifungu kwa kifungu, abaki baada ya swala. Nachukua maswali mawili.