Watu wapite juu, baisani wapite chini

Haya jamani, karibuni, sogeeni mbele nafasi bado ipo.

Leo naongelea kitu kimoja tu. Mnyama mkubwa akirudishwa msituni, yule mtu aliyezoea kupita humo kwa miguu inakuwaje, anaondolewa au anabaki? Msimamo wangu nautoa mapema: anabaki, na mradi wowote unaoanza kwa kufunga njia za watu mimi siuungi mkono hata kama wanyama wenyewe nawapenda, na nawapenda sana.

Twende Blean. Huu ni msitu wa Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza, karibu na mji wa Canterbury. Julai 2022 wakaachiwa humo baisani majike watatu, yaani wale wanyama ukiwaona haraka unasema nyati, ila wana nundu begani na manyoya mazito ya kahawia. Mkubwa wao alitoka Uskoti, wawili wadogo Ayalandi. Septemba ile ile wakaonekana wako wanne! Jike mmoja alikuwa na mimba na hakuna aliyejua, baisani anaficha mimba vizuri mno, maana porini ukionekana mzito ndo unaliwa. Desemba likaletwa dume kutoka Ujerumani.

Wamewekwa pale kufanya kazi, sio maonyesho. Sehemu ya msitu ule ilipandwa misonobari ya mbao, imebanana, chini giza tupu. Sasa baisani akija anajisugua kwenye shina, anabandua gome analila, ukiangalia ule mti unakuta kidonda kirefu kibichi usawa wa kifua cha mtu na nywele zimenasa kwenye utomvu. Mti unakufa taratibu ukiwa umesimama, wadudu wanaingia, vigogota wanafuata wadudu, mwanga unashuka chini, mimea iliyokuwa imekosa jua inaanza kuota. Akigaragara kwenye vumbi anaacha sehemu tupu ya udongo ambayo nyuki wa ardhini na mijusi wanaitumia. Unaweza kuleta watu na chenso ukakata miti, sawa, lakini chenso haigaragari.

Shida ni sheria. Kuna sheria ya 1976 ya wanyama hatari wa porini, na baisani yumo kwenye orodha moja na simba. Kwa hiyo lazima atenganishwe na umma kwa uzio. Na msitu wenyewe umekatizwa na njia za miguu ambazo watu wana haki nazo kisheria, huwezi kuamka asubuhi ukaweka kufuli. Hapa naomba mnisikilize vizuri maana ndo penyewe. Sheria ya England ya mwaka 2000 iliwapa watu uhuru wa kutembea milimani na kwenye nyika za wazi, misitu kwa sehemu kubwa haikuguswa. (Uskoti ni tofauti, sheria yao ya 2003 inamruhusu mtu kutembea karibu kila mahali, misitu ikiwemo, mradi asiharibu.) Maana yake England ndani ya msitu mara nyingi ile njia nyembamba ndo kila kitu ulichonacho, ukiifunga hujamnyima mtu kipande, umemnyima msitu mzima.

Blean walichoamua mimi nakiheshimu sana, waliamua kujenga madaraja manne. Njia ya watu inapita juu, baisani wanapita chini yake kutoka upande huu kwenda ule, wapate eneo la kama hekta 200 bila kukutana na mtu. Ni gharama, ni kuchelewa, wanyama walisubiri nyuma ya uzio huku vibali vinatafutwa. Lakini gharama imebebwa na mradi, haikubebeshwa bibi anayetembea na fimbo yake kila asubuhi.

Na je, uzio wenyewe ni lazima kweli? Uholanzi, kwenye matuta ya mchanga ya Kraansvlak karibu na bahari, baisani wapo tangu 2007. Kuna njia inakatiza mle mle ndani kwao, hakuna uzio kati yako na mnyama. Masharti: kaa mita 50, mbwa haruhusiwi, na msimu wa kuzaa njia inafungwa. Basi! Watu wanafuata.

Halafu kitu kinaniumiza kidogo, tunamwogopa baisani huku ng'ombe tunamdharau. Kule Blean kuna ng'ombe wa pembe ndefu na poni wa Exmoor (farasi wadogo) pia, hao sheria haiwahesabu hatari. Wakati Uingereza ng'ombe wanaua watu kabisa, wengi ni wafanyakazi wa mashambani, na kwa wapita njia hadithi inajirudia, mtu alikuwa na mbwa na ng'ombe walikuwa na ndama. Kwa hiyo ukinipa hela kidogo ya usalama sinunui nyaya zote, naajiri renja wa kukaa njiani na kuongea na watu.

Dada pale nyuma umeuliza, ng'ombe wakimfuata mbwa wangu nifanyeje? Swali zuri sana. Muda wote mshike kwa kamba fupi, na ukiona ndama zunguka mbali, usipite kati yake na mama yake hata kama njia inapita hapo hapo. Wakianza kukujia, achia kamba. Najua roho inauma, unataka umbebe, usimbebe, wanamtaka yeye sio wewe na mbwa ana mbio kuliko wao. Wewe ondoka kwa hatua za kawaida uelekee getini, usikimbie, mbwa wako atakukuta.