Jua Likisimama Juni

Bapapa, bamama, na ninyi vijana mliojibana karibu na mlango, nitarudia mpaka mchoke: mkitafuta siku za mafungo, za kutulia na kujitafakari kwenye usiku mrefu wa mwaka, usiku wetu mrefu hauko Desemba. Desemba hapa Lubumbashi, kusini ya ikweta, mvua inanyesha, mahindi yanapanda, mchana unakaribia masaa 13. Kadi zenye theluji waachieni watu wa Stockholm. Kule tarehe 21 Desemba wanaona mwanga masaa 6 hivi, wana haki ya kuwasha mishumaa na kujiuliza mwaka umeenda wapi. Giza letu ni la Juni.

Najua kuna anayenong'ona kwamba kwetu tofauti ni ndogo. Kweli, tarehe 21 Juni mchana unabaki masaa 11 na karibu nusu. Acha kuhesabu masaa, fuata jua. Weka jiwe uani, ulikanyage kila asubuhi, utie alama pale jua linapochomoza: pembe ya bati la jirani, tawi la mwembe. Tupa jicho tu, usilikodolee. Mwezi wa tatu, alama ya leo na ya kesho zinaachana karibu robo tatu ya upana wa jua. Toka tarehe 10 Juni mpaka 1 Julai, majuma matatu yote, alama zote haziachani hata upana wa jua zima. Wengi wanaharibu kwa kusogea. Hatua mbili tu pembeni, bati la jirani limekudanganya, nawe unatangaza muujiza.

Basi mafungo yenu yawe hayo majuma matatu. Usianze deni, usianze ugomvi. Kila jioni swali moja: nimefika wapi, na nageukia wapi? Wanaojiandikia maswali 10 husinzia kwenye la tatu.

Mtasema baridi. Ndiyo, hewa kavu, anga bila wingu, joto la ardhi linatoroka usiku kucha. Vaeni makoti, muote mbabula, lile jiko la makaa, nje. Asiingize mtu mbabula chumbani akafunga dirisha! Makaa mekundu yasiyo na moshi yanaua vilevile, gesi yake haina harufu. Utadhani ni usingizi wa maombi.

Neno la haraka juu ya Yohane Mbatizaji, sikukuu yake ni 24 Juni: alisema yeye apungue, na Ulaya siku hizo mchana unaanza kupungua. Kwetu unaongezeka. Mapadri watatueleza.