Potasiamu Iliyotoka Kwenye Tyubu

Wenzangu, nianze na majibu ya kutisha. Potasiamu milimoli 14 kwa lita, kalisiamu karibu haipo, na mgonjwa ameketi anazungumza. Damu ya namna hiyo ingekuwa imeshausimamisha moyo wake. Kilichotokea ni kwamba damu ilitolewa kwenye tyubu ya zambarau, mtoaji akagundua kosa, akaimiminia kwenye nyekundu.

Ile ya zambarau ina EDTA, chumvi ya potasiamu inayokamata kalisiamu. Bila kalisiamu damu haigandi, ndiyo maana tunaitumia kwa picha kamili ya damu: chembe hubaki mojamoja, mashine ikazihesabu. Ikiingia kwenye vipimo vya kemia, inaongeza potasiamu na kuficha kalisiamu. Potasiamu 14 hainitishi sana, maana kila mtu ataistukia. Inayoninyima usingizi ni 6.0 iliyotokana na tone moja tu la EDTA lililohamia tyubu nyingine, kwa sababu hiyo daktari ataiamini na kuitibu.

Ndiyo maana tunajaza kwa mpangilio: chupa za kuotesha vimelea kwanza, kisha bluu, nyekundu au njano, kijani, zambarau, na kijivu mwisho. Rangi hutofautiana kwa mtengenezaji, kwa hiyo soma lebo.

Bluu, ya vipimo vya kuganda kwa damu, haisamehi. Ina sitrati, nayo hukamata kalisiamu, sehemu 1 kwa 9 za damu. Ukiijaza nusu, sitrati inazidi, na inaikamata hata kalisiamu tunayoongeza maabara ili damu igande. Muda wa kuganda unarefuka kwa uongo, na anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, anapunguziwa dozi aliyokuwa akiihitaji. Ijaze mpaka kwenye alama.

Kijivu ni ya sukari. Chembe hai zinaendelea kula glukosi ndani ya tyubu, kiasi cha asilimia 5 hadi 7 kwa saa katika joto la chumbani, na floridi iliyomo huzizuia, ingawa si papo hapo. Nyekundu iache wima dakika 30 au zaidi, igande kabisa kabla ya kuizungusha kwenye sentrifuji. Tyubu zenye kemikali ndani zigeuze taratibu, bluu mara 3 au 4, zambarau mara 8 hivi. Usizitikise, chembe zitapasuka na kumwaga potasiamu yake.

Na ukikosea tyubu, usihamishe damu. Mwambie mgonjwa, "Samahani, nimekosea, naomba nikuchome tena."